Usiigeuze Hii, Mjomba

Nyarugusu, Kasulu
9 Februari 2023

Kwa mpwa wangu Floribert, ambaye nasikia siku hizi ni Luteni Kanali,

Salamu kwanza, saluti baadaye, maana mgongo hauninyookei.

Huku tu wazima kwa kiwango cha hapa kambini. Jino langu la mbele, lile lililobaki peke yake likilinda mlango, limeng'oka wiki ya Krismasi ndani ya hindi la kuchoma. Mama Therese anasema ni mapenzi ya Mungu. Mimi nasema Mungu hana shida na jino la mzee, ni hindi. Turubai la paa limepasuka upande wa jikoni. Mbuzi amezaa dume lenye sauti kubwa na akili kidogo. Nimelipa jina lako. Usinune. Mjomba asipomtania mpwa wake atamtania nani, padri?

Tunakusikia redioni. Sauti imeiva. Ulipokuwa mwalimu wa jiografia ulikuwa unakwama kwenye majina ya mito. Ulipokuwa depite, mbunge wetu, ukaja hapa na gari refu, ukasimama uwanja wa mpira ukatuahidi kwamba tutarudi kwetu kabla mihogo haijaiva. Mihogo ikaiva, ikaliwa, ikapandwa tena. Kisha uchaguzi ukakutema kama mbegu ya pera, na sasa uko na hiyo Harakati ya Milima, umevaa nguo ya majani majani, unatangaza vita. Wewe! Ambaye bata mzinga wa misheni alikupandisha juu ya kabati la sadaka!

Sasa swali langu, na ni moja tu. Therese yuko wapi?

Ulimwita mwenyewe kwa simu: dada yangu, zahanati ya milimani haina muuguzi, watu wanaoza na vidonda. Nami nilimwambia asiende, yeye akaniambia, "Baba, wewe ungeenda kwa ajili ya pombe, mimi naenda kwa ajili ya watu." Akaondoka Septemba na viatu vyake vyeupe vya kazi ndani ya mfuko wa rambo. Tangu Novemba hana simu wala salamu. Nambari yako nayo inaimba tu.

Barua hii anaichukua Saady, yule muuza vitenge wa Kasulu mjini ambaye huvuka ziwa kutoka Kigoma. Amekubali kwa sharti nisiandike siasa. Sijaandika siasa. Nimeandika mbuzi.

Mjomba wako,
Mmunga Wilondja


Milimani
21 Machi 2023

Mheshimiwa Mjomba,

Nimepokea barua yako kwa furaha na heshima. Natumaini afya yako na ya mkeo, mama Esperance, ni njema. Poleni kwa turubai. Nawapongeza kwa mbuzi.

Ni kweli nimepewa dhamana ya kuwa msemaji wa jeshi la Harakati. Sikuiomba. Ulipofika uchaguzi ule, masanduku ya jimbo langu yalifika mjini yakiwa yamehesabiwa tayari, na wenzangu wawili waliolalamika hawakuonekana tena. Nilikuwa na njia mbili: kunyamaza au kupanda mlima. Huku juu walinitazama, wakaona mikono yangu haifai kushika bunduki, wakanipa kipaza sauti. Cheo ni kwa ajili ya waandishi wa habari tu; wanaheshimu nyota begani. Sijapiga risasi hata moja, Mjomba. Naandika komunike, ile taarifa ya redioni, naisoma, naandika nyingine.

Kuhusu suala ulilouliza, napenda kukuhakikishia kwamba wahudumu wetu wote wa afya wanaendelea na majukumu yao katika mazingira yanayoridhisha.

Nimemkabidhi Saady sabuni na kilo mbili za kahawa.

Wako mtiifu,
Floribert


Nyarugusu
14 Mei 2023

Mpwa,

Barua yako imefika, imesomwa, imekunjwa, imewekwa chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba. Sasa meza imetulia. Kwa hiyo hukuandika bure.

Kahawa nzuri. Mama Therese hakuinywa. Habari zake ni kwamba amekonda na hasemi. Akipika anapika cha watatu, halafu anakaa akikitazama kile cha tatu mpaka kinapoa, anampa mbwa wa jirani. Mbwa amenenepa, anatuamkia kwa heshima kuliko wewe.

Habari nyingine: nilikwenda Heru Juu. Kibali cha kutoka kambini kilisema nakwenda Kasulu kutazamwa ufizi, lakini watu wa huko walisikia kwamba kuna mzee mkimbizi anayejua kusema kwenye posa, wakanikodi. Nikasimama, nikakohoa, nikawaambia wakwe: "Sisi tumepotelewa na kuku. Nyayo zake zimeingia kwenu." Msemaji wao, mzee Manirambona, akajibu: "Kuku? Kwetu hapa hata unyoya hatujawahi kuuona." Na kuku mwenyewe yuko chumba cha ndani anacheka mpaka kitanda kinalia! Nikasema, "Ng'ombe wetu wote wamekufa, tumebaki na kamba." Watu wakapiga vigelegele, maana zizi letu walikuwa wamekwisha kulichungulia.

Unakumbuka, Floribert? Ndivyo nilivyokufundisha ulipokuwa unanishikia fimbo nyuma yangu. Msemaji haaminiwi, msemaji anageuzwa. Akisema hatuna, wanacho. Akisema hayupo, yupo. Na kwa kuwa kila mtu anajua kugeuza, hakuna aliyedanganywa, na pombe inanyweka.

Basi nikuambie siri: wazee wote wa hapa wanakugeuza. Tunakaa na redio kwa Trésor kinyozi. Ukisema, "Tumejipanga upya," tunasema wamekimbia. Ukisema, "Hali ni shwari," tunaanza kuulizana ni kijiji gani. Ulipotangaza kwamba kwenye daraja la Namikoba hamkupoteza hata mtu mmoja, akina mama wa mtaa wetu walianza kulia kabla hujamaliza sentensi. Walilia sawasawa. Majina yalikuja baadaye.

Nami nimekuuliza habari ya binti yangu, ukanijibu kama wakwe: "wahudumu wetu wote," "mazingira yanayoridhisha." Nikaigeuza hapo hapo, nikiwa nimesimama. Nikakaa.

Mtoto wa dada yangu, sitaki kugeuza tena. Kama amekufa, sema, tumlilie, mama yake ale. Kama yu hai, sema, mama yake ale. Neno moja. Andika kama ulivyokuwa ukiniambia mambo ulipokuwa mtoto, kamasi zikiwa mdomoni.

Mmunga


Milimani
1 Agosti 2023

Mjomba mpenzi,

Nakuandikia usiulize mengi. Barua zinafunguliwa. Ile yako ilifunguliwa, wakaisoma kwa sauti mezani, wakacheka habari ya kuku wa posa, kisha mkuu akaacha kucheka pale ulipofika kwenye Namikoba. Tangu hapo natazamwa. Hii naiandika chooni, nampa kijana wa mashua ampe Saady. Pole kwa harufu, ikiwepo.

Therese yu hai. Yuko zahanati ya mbele, karibu na mapigano, ambako simu zote zimekusanywa na wakuu. Hana kidonda.

Najua hutaamini karatasi, na hata hii huenda isifike. Kwa hiyo nitalisema kwa mdomo wangu mahali ambapo hakuna wa kulikunja. Adui ameanza kueneza kwamba tuliua wauguzi wetu wenyewe, nami nitamjibu redioni Jumapili ya tarehe ishirini. Nitamtaja Therese kwa jina. Nitasema ni mzima na anawasalimu. Mjomba, hiyo ni kweli tupu, nimeomba ruhusa ya kuisema na nimeipata kwa taabu.

Nakusihi, usiigeuze hii.

Mpwa wako,
Flori


Nyarugusu
10 Septemba 2023

Mpwa wangu Floribert,

Salamu. Barua yako sijaiona tangu ile ya kahawa, lakini sina lawama tena. Nimekusikia.

Jumapili ile redio kwa Trésor ilikuwa na watu mpaka nje. Ukasema: "Muuguzi Therese Mmunga ni mzima wa afya, anaendelea kuwahudumia wagonjwa, na anawasalimu wazazi wake." Kwa jina lake kamili! Na sauti yako, mwanangu, ilitetemeka pale kwenye "wazazi." Hujawahi kutetemeka hata unaposema uongo mkubwa.  Trésor akazima mashine ya kunyolea, akanivua kofia yeye mwenyewe, akaninyoa kwa wembe, upara wa msiba.

Nilisema moyoni: mtoto huyu amenisikia. Nilimwomba ukweli, hawezi kuusema mbele ya wakubwa wake, akaniletea kwa lugha ya posa, kwa kuwa anajua mimi ndimi niliyemfundisha. Asante. Ni ukatili mzuri kuliko kimya.

Tumemzika. Unajua desturi yetu ya mtu aliyefia mbali: nilikata mgomba urefu wa Therese. Nilibishana na mama yake, yeye akisema alikuwa ananipita kwa kisogo, mimi nikisema alikuwa ananipita kwa mdomo tu. Tukauvika kitenge chake cha Pasaka. Mchungaji alikataa kuombea mgomba; nikamwambia amewahi kuombea wabunge. Akaomba. Tukauzika nyuma ya nyumba, matanga yakakaa, watu wa mtaa mzima wakaja, hata wale ambao Therese aliwahi kuwachoma sindano vibaya.

Mama yake amelia mpaka sauti ikakatika, kisha akala. Amelala. Naandika huku nikimsikia anakoroma, jambo ambalo kwa miaka mingi nililiona ni adhabu.

Usijisumbue kujibu.

Mjomba wako


Milimani
3 Desemba 2023

Mjomba! Mjomba!

Mmefanya nini?

Therese yu hai! Nilikuandikia Agosti, nikakuambia usiigeuze. Nimeuliza, kumbe kijana wa mashua alikamatwa kwa magendo ya mafuta, na barua yangu ililala mfukoni mwake hadi juzi alipoachiwa. Utaipata pamoja na hii. Tazama tarehe, Mjomba. Tazama tarehe!

Nilitetemeka kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mwaka huu kusema jambo la kweli. Sikuwa nimezoea.

Nimemwona Therese kwa macho yangu. Nilipanda mpaka zahanati ya mbele kwa kisingizio cha kupiga picha. Habari za matanga zilikuwa zimemfika kabla yangu, kupitia mgonjwa mmoja aliyetoka huko kambini. Mgonjwa huyo alipomwona alikataa kushikana naye mkono. Therese alicheka kwanza. Akauliza mgomba ulikuwa wa ndizi gani. Nilipomwambia sijui, akasema, "Kama baba kanizika na mgomba wa pombe, namsamehe."  Halafu akasema usiku anaota udongo.

Nimempatia karatasi ya kuondoka. Ni kazi niliyoifanya kwa magoti. Lakini anasema haji mpaka mgomba ufukuliwe. Unajua desturi kuliko mimi: aliyekwisha kuliliwa haingii kwa mlango aliotokea, anatobolewa ukuta wa nyuma aingie kama anayezaliwa, na aliyezikwa badala yake awe amekwisha kutolewa. "Nikija nikaukuta ardhini," alisema, "nitakuwa nimefika kwenye kaburi langu mwenyewe, na mimi nimeona ya kutosha."

Nilimwomba akuandikie mstari mmoja. Akaniambia, "Maiti haiandiki," akacheka tena, akaenda kufunga mguu wa mtu. Nilimfuata. Akanifukuza kwa kuwa viatu vyangu vichafu.

Ufukue, Mjomba. Nijulishe upesi, nimteremshe.

Flori


Nyarugusu
15 Januari 2024

Flori,

Barua mbili zimefika siku moja, ya Agosti na ya Desemba, kama mapacha waliogombana njiani. Nilizisoma nyuma ya nyumba, nimekaa juu ya kile kifusi kilichotuna juu ya mgomba. Nilicheka. Nilipofika kwenye mgomba wa pombe nililia kama mjinga, maana hayo ni maneno ya Therese, hakuna chuo kinachofundisha matusi ya namna hiyo. (Mwambie ulikuwa mgomba wa ndizi tamu. Sikumdharau kiasi hicho.)

Niliingia ndani nikamwambia mama yake. Alikuwa anapeta maharage. Hakuinua kichwa.

"Nani amesema?"

"Floribert."

"Floribert wa redioni?"

"Mama Therese, ni barua. Ni mkono wake."

"Mkono na mdomo si vya mtu mmoja?"

Nikaita wazee. Kosa langu. Wakakaa, wakasoma, wakatazamana. Mmoja akasema karatasi ya barua ya Agosti imechakaa upesi mno. Mwingine akasema tarehe ni rahisi kuandika. Trésor kinyozi, ambaye simdhani ni mpumbavu, akasema, "Papa Mmunga, mtu akidanganya wiki nzima, Jumapili akasema kweli, ile kweli utaijulia wapi?"  Mimi ndiye niliyewafundisha kugeuza.

Na mama yake ameweka msimamo. Anasema tukiufukua ule mgomba kisha ikawa mtoto hayupo, tutakuwa tumemuua mara ya pili kwa jembe letu wenyewe, na huyo hatakuwa na matanga mengine, kwa kuwa mtu haliliwi mara mbili. Anataka amsikie kwanza. Sauti tu. Therese akisema "mama" kwenye simu ya mtu yeyote, mgomba naufukua kwa kucha.

Najua na yeye anangoja sisi. Kila mmoja amekaa upande wake wa mlango anasema, tangulia.

Nimefanya jambo moja kwa siri. Nimetoboa ukuta wa nyuma, tundu la kumtosha. Mama yake aliliona asubuhi, akaliziba kwa kipande cha turubai. Lakini hakulikandika udongo, Flori. Aliziba kwa turubai tu.

Mpeleke penye mtandao. Haraka.

Mjomba


Nyarugusu
Ijumaa Kuu, 29 Machi 2024

Flori,

Juzi nimekusikia ukisema: "Zahanati yetu ya mbele haikuguswa na makombora."

Nimeufukua mgomba. Leo, mchana, watu wakiwa kanisani. Jirani alinikuta, akaniambia siku ya kufufua ni Jumapili, si Ijumaa.  Umeoza, umebaki nyuzi na kitenge. Nimekifua kitenge, kiko juani.

Mwambie umetoka. Mwambie aje, tundu liko wazi. Asipige simu kwanza. Aje tu.

Mmunga


Kibondo
17 Novemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Shikamoo kwa mama pia, kama atakubali kuipokea kutoka kwangu.

Ndiyo, Kibondo. Niko huku tangu Julai. Harakati iligawanyika, waliokuwa upande wangu wakawa upande mwingine, na msemaji ndiye mtu wa kwanza ambaye kila upande unataka kumfunga mdomo. Nilivuka ziwa chini ya magunia ya dagaa. Hapa najiita Ndayikunda, nakaa chumba cha uani kwa Ridhiwani, mfanyabiashara wa dawa za panya, mende na kunguni. Kazi yangu ni kipaza sauti. Natembea sokoni tangu asubuhi: "Panya hatarudi! Panya hatoki hata nje!" Siku za mnada tunakwenda hadi Kumsenga. Ridhiwani anasema hajawahi kupata mtu anayesema uongo kwa utulivu kama mimi. Dawa yenyewe panya wanainenepea.

Nyota za begani nilizitupa ziwani. Zilielea kidogo, ni za plastiki.

Miezi minne niko mwendo wa basi moja kutoka kwako na sikuja. Nilifika stendi ya Kasulu mara moja, nikanywa chai kwa Safina, dada yake Saady, nikarudi na basi lile lile. Alinijua kwa sauti, hakuniuliza kitu, akaniongezea chapati. Ndiye atakayekuletea hii.

Barua yako ya Januari nilimfikishia Therese mdomo kwa mdomo. Nilimwambia mama anataka sauti. Alisema, "Sasa hawa wananiposa au?" Akakubali lakini. Alikuwa ateremke penye mtandao pamoja na majeruhi, machela zikipatikana. Alinunua hata betri. Alikuwa anafanya mazoezi ya kusema "mama," akiiga sauti ya mchungaji wenu, wagonjwa wanacheka.

Machela hazikupatikana upesi.

Mjomba, ile ya Ijumaa Kuu ilinifika nikiwa nimekwisha kusoma komunike. Nilipewa karatasi, nikasoma kilichoandikwa. Nilikuwa nimetoka huko juu jioni iliyotangulia. Nilimtoa mimi mwenyewe chini ya bati. Viatu vyake vilikuwa miguuni, vyeupe.

Nimejaribu barua hii mara nyingi na kila mara kalamu inaandika "mazingira." Sasa naandika kama ulivyotaka, na kamasi mdomoni.

Therese amekufa. Amelala chini ya msufi, nyuma ya zahanati, ni yeye mwenyewe, si mgomba.

Usiigeuze hii, Mjomba.

Floribert


Nyarugusu
8 Desemba 2024

Mpwa wangu,

Barua ilifika. Safina aliileta mwenyewe, akaiweka mezani, akakataa kukaa na akakataa maji. Mleta habari ya namna hiyo hakai wala hanywi. Kwa hiyo nilijua kabla sijaifungua.

Sikuigeuza. Niliisoma wima, nikaikunja. Hii sikuiweka chini ya meza.

Nilikwenda kwa Trésor. Nikakaa kitini. Nywele zilikuwa zimeota vizuri, kwa umri wangu. "Papa Mmunga, kuna msiba?" akauliza. Nikasema, "Hakuna." Alisimama na wembe wake kidogo, kisha akazima redio, akaninyoa yote, akakataa malipo. Wazee waliokuwepo walitazama chini. Hawatakuja kukaa matanga, na siwalaumu. Walikwisha kuja, walikwisha kulia, na walilia vizuri. Hakuna kilio kilichobaki mtaani hapa chenye jina la Therese.

Sasa nikuambie habari ya mama yake, halafu tunyamaze wote.

Nilirudi na upara wangu. Akanitazama.

"Floribert ameandika?"

"Ameandika."

"Anasema nini?"

Nimesema kwenye posa zaidi ya vile ninavyoweza kukumbuka, Flori. Nimeuza mabinti wavivu kwa jina la nyuki na vijana walevi kwa jina la maaskofu. Nilisimama pale mlangoni nikatafuta neno la kuzungukia, sikulipata.

"Anasema Therese amekufa."

 Nikaona midomo yake inacheza, nikadhani ni kilio kinapanda. Kumbe anatabasamu! Akajipiga paja. "Floribert amesema amekufa? Floribert yule?" Akainuka, mwanamke aliyekuwa anainuka kwa kushika ukuta, akaenda nyuma, akang'oa lile turubai kwenye tundu, akalikunja, akaliweka kando. Akachukua kitenge cha Pasaka akakitandika kwenye kitanda cha Therese. "Si nilikuambia," akasema. "Mtoto yuko njiani."

Tangu siku hiyo anaimba akipika. Anapika cha watatu, na anakula chake chote. Mvua za mwezi huu zinaingia kwa tundu lile, tumehamisha kitanda chetu, na hataki kusikia habari ya kuliziba. Mbuzi naye ameligundua, anaingia usiku. Yule dume, Floribert. Kila anapoingia, Mama Therese anaketi kitandani na kuita jina, kisha anaona pembe, anamwambia, "Ni wewe," analala tena.

Sijamwambia kwamba hii haigeuzwi. Sitamwambia. Na wewe usije huku kumwambia. Hata ukilia mbele yake na ukala udongo, atafurahi zaidi.

Nakulaumu? Nilikaa na jambo hilo. Nimeona kwamba sina mpwa mwingine, na wewe huna mjomba mwingine, na wote wawili tulijua kusema. Hilo halisaidii kitu. Nimeliandika tu.

Baki huko. Uza dawa yako. Usirudi milimani na usitafute redio nyingine. Ukiugua, Safina atanijulisha, nitaomba kibali cha ufizi.

Na wakikuuliza huko sokoni Kibondo kama una ndugu Kasulu, kama una mjomba, kama ulikuwa na dada, chukua kipaza sauti chako useme huna. Sema kwa nguvu. Mimi nitasikia.

Mmunga Wilondja